Mfuko Namba Saba

Kwa miaka zaidi ya thelathini mjomba wangu alifuga kuvu. Wengine hufuga kuku, wengine njiwa, yeye kuvu. Mkate ukiota kuvu watu huuficha mgeni asiuone, lakini mjomba aliuomba, akaufunga kwenye karatasi na kuondoka nao akautazame vizuri. Ndiyo maana sisi watoto wa dada yake tulimwita Bwana Kuvu, na yeye akaitika. Kazini, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, walimwita Fundi, kwa kuwa hakuwa na cheti cha kumpa jina jingine.

Mimi ni mshonaji, nina ulimi mkali, na habari hii ningeweza kuisimulia kwa hasira tupu. Nitajikaza nisifanye hivyo, maana mjomba si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshamsahau.

Aliingia kituoni akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyeishia kidato cha pili, akapewa kazi ya kuosha chupa za maabara. Aliziosha miaka minne. Mwaka wa tano mtaalamu mmoja akagundua kwamba muosha chupa wake ana mkono uliotulia kuliko wasomi wote mle ndani. Akamweka mbele ya sahani ya kioo na taa ya spiriti, akamwonyesha mara moja, na mara ya pili mjomba akafanya mwenyewe. Kuvu haitaki papara. Ukipiga chafya juu ya sahani iliyo wazi umeharibu kazi ya wiki mbili. Mjomba alikata kucha kila Jumapili, hakujipaka mafuta yenye harufu, na akiwa kazini hakuzungumza. Alipofika kwetu alizungumza mpaka chai ikapoa, nadhani kwa sababu ya kunyamaza kutwa nzima.

Kazi yenyewe alinieleza mara nyingi hata nikaijua kama yangu. Maharage yana ugonjwa wa kuoza mizizi. Juu unaona majani ya chini yakigeuka manjano, unadhani ni njaa ya mbolea. Ukiung'oa mmea unatoka bila ubishi, na mzizi ni mweusi, laini, unakatikia mkononi. Anayeuozesha ni kuvu mbaya inayokaa udongoni. Lakini udongo huohuo una kuvu njema. Ikiwahi kujishikiza kwenye mzizi, inakula chakula cha ile mbaya, na mwisho inaila na yenyewe. "Ni mlinzi," mjomba alituambia. "Tofauti na wale wetu wa getini, huyu halali."

Basi mjomba alikwenda kwenye shamba lililoangamia, akatafuta mmea mmoja uliosimama mzima katikati ya wenzake waliokufa, akachukua udongo wa mizizi yake. Aliuotesha kwenye sahani mpaka akaipata kuvu aliyoitaka na kuitenga na nyingine. Kisha alipika mchele wa chenga ndani ya mifuko ya nailoni, kwenye jiko kubwa la mvuke, kila kijidudu kilichomo kife. Ukishapoa, akapandikiza ile kuvu yake. Siku ya tatu mchele ulikuwa umevaa weupe kama pamba. Siku ya nane ulikuwa wa kijani mpaka ndani. Aliukausha kivulini, akausaga, na unga wake ndio uliokuwa dawa. Mbegu unailowesha kidogo kwa maji ya sukari ili unga unate, unaichanganya, unapanda siku hiyohiyo.

Mama alikuwa dada yake, mkubwa kwa miaka saba. Bibi alifariki mjomba akiwa na miaka tisa, na mama ndiye aliyemfulia, akamfunga vifungo vya shati, akampeleka shule kwa kumburura sikio. Mpaka anaota mvi mama alimwita mdogo wangu, na yeye alimwita dada kwa sauti ya mtu anayesubiri ruhusa.

Mama alilima maharage. Si maharage ya dukani. Yalikuwa madogo, ya mviringo, meupe yenye mstari wa zambarau uliozunguka jicho. Yaliiva upesi na ganda halikupasuka. Bibi aliyapata kwa mama yake, akamwachia mama mtungi mmoja, na dada yao, mama mkubwa, mtungi mwingine. Mama mkubwa, wa kwake aliupika wote mwaka wa shida. Kwa hiyo yalibaki kwetu peke yetu, na mama kila msimu alitenga konzi kadhaa kwenye mtungi, akazichanganya na majivu, hata kama sisi tulilala tukiota ubwabwa wa kushiba.

Halafu kuoza mizizi kukaingia shambani kwetu. Msimu wa kwanza tulipoteza robo, msimu wa pili zaidi ya nusu. Mtungi ukabaki na mbegu ya kufika katikati tu. Mama alianza kuamka na kwenda kuufunua na kuufunika, kama anayemchungulia mgonjwa.

Msimu wa tatu kituo kikatangaza jaribio. Wakulima kumi na wawili wa eneo letu wangepewa ile dawa ya mjomba waijaribu, kila mmoja kwenye kipande cha hatua ishirini kwa kumi. Mtafiti mkuu, waliyemwita Daktari, alikuwa mtu mchangamfu wa kupiga watu mabegani. Alikusanya watu kwenye ukumbi wa kituo, akatikisa kopo lenye vikaratasi vya namba, kila mkulima akachota chake. Mama akachota saba, akapewa mfuko wenye namba hiyo. Mjomba alikuwa mezani anaandika. Namkumbuka alinyanyua kichwa, akamtazama mama, akarudi kwenye karatasi yake.

Sasa nieleze jambo ambalo siku ile sisi hatukulijua. Mifuko kumi na miwili haikuwa sawa. Sita ilikuwa na kuvu hai. Sita ilirudishwa kwenye jiko la mvuke ikapikwa mara ya pili, kuvu ikafa, ukabaki unga mtupu. Ukishasagwa huwezi kuutofautisha kwa macho wala kwa pua. Ndivyo majaribio yanavyofanywa: lazima kuwe na wanaopata na wasiopata, na asiyepata asijue, ili mwishoni watu wapime mizizi na si matumaini. Hata Daktari hakutakiwa kujua. Aliyejua ni mmoja, aliyepika na kufunga. Namba saba ulikuwa na kuvu iliyokufa.

Sina ugomvi na utaratibu huo. Mjomba amenieleza na nimemwelewa. Kipande cha hatua ishirini kwa kumi mtu anaweza kukipoteza na maisha yakaendelea. Lakini walioupanga hawakumjua mama yangu.

Tulipotoka ukumbini mama alimfuata mjomba kwenye veranda, mfuko umo kifuani.

"Mdogo wangu, hii nikiipaka mbegu yote, itatosha?"

"Ni ya kile kipande tu, dada."

"Najua. Nakuuliza kama itatosha."

"Fuata karatasi, dada. Yote yameandikwa."

Mama akanigeukia huku anacheka. "Unamsikia? Siku hizi ananisomesha karatasi, mimi niliyemfuta kamasi." Njiani akaniambia kwamba mjomba anamwogopa mkubwa wake, na kwamba mtu mwenye mdogo wake maabara hapaki dawa kipande akaacha shamba. Alisema hivyo kwa majivuno. Alikuwa amemsubiri mdogo wake amletee kitu kutoka kwenye ile kazi isiyoeleweka tangu alipoanza kuosha chupa.

Kesho yake alimimina mtungi wote kwenye beseni. Karatasi ilisema kijiko kimoja kwa kibaba. Yeye kijiko kimoja alikigawa kwa vibaba vinne, akaongeza maji ya sukari ili unga uenee. Mama alikuwa mkono wa birika, hata chumvi aliihesabu chembe.

Nikamwambia, "Bakiza konzi mbili basi."

"Nibakize ya nini? Ikae mtungini iliwe na wadudu, na dawa ya mjomba wako ndiyo hii hapa?"

Hakuinua hata matuta ya kutoa maji kama alivyofanya misimu iliyopita. Alipanda bapa, kwa raha zake.

Siku ya tisa nilikwenda kituoni kumpelekea mjomba mashati niliyomgeuzia kola. Nilimkuta kwenye chumba chake chenye dirisha moja, rafu zimejaa mifuko ya kijani, anajaza mwingine kwa kijiko kirefu. Nikamsimulia kama kichekesho: dada yako amekuzunguka, amepanda shamba zima kwa mfuko mmoja.

Akaacha kijiko. "Lote?"

"Lote. Hata ya mtungini hakubakiza punje."

Akakaa kwenye kiti. Akaniuliza kama yameota, nikasema yametoa majani mawili mawili, mazuri. Akatazama kabati la baridi alilohifadhia dawa iliyo tayari. Nimelikumbuka jicho lile miaka yote bila kujua ni la nini. Nilidhani anahesabu kama kuna cha kutuongezea. Kisha akasema, "Sawa," akaanza kuniuliza habari za cherehani yangu.

"Usimwambie Daktari," nikamsihi.

"Siwezi kumwambia," akasema.

Mvua zilikuja nyingi. Kwenye wiki ya nne majani ya chini yakaanza kugeuka manjano, kwanza bondeni, halafu shamba zima likabadilika rangi tukiliangalia. Mama aling'oa mmea mmoja, akauangalia mzizi, akaurudisha ardhini na kuushindilia kwa vidole kama ungeshika tena. Jirani yetu mwenye mfuko namba nne alikuwa na kipande cha kijani kibichi. Daktari alikuja na kamera, akapiga picha kwa jirani, akapiga na kwetu, akamshukuru mama kwa ushirikiano na kumpiga begani. Mjomba alisimama barabarani karibu na gari, hakuingia shambani.

Tulivuna maganda matupu na punje chache zilizosinyaa. Mama alizipanda msimu uliofuata, zikaoza kabla ya kutoka. Mbegu ya bibi ikaishia hapo.

Wiki moja baada ya mavuno mjomba alikuja nyumbani. Mama alimkaribisha, akamwekea chai, na kabla hajaonja akapiga magoti mbele ya kiti chake. Sikuwahi kumwona mama akimpigia mtu magoti, sembuse mdogo wake.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekutia aibu kazini kwako. Nimeizimua dawa yako, sivyo? Nimeitia maji mengi, nikaitawanya mpaka ikaisha nguvu."

Mjomba akamshika mabega amnyanyue. Mama hakunyanyuka, alikuwa anangoja jibu.

"Labda," mjomba akasema.

Neno hilo moja. Mama akainuka, akafuta macho kwa upande wa kanga, akasema yamepita basi, tunywe chai.

Tangu siku hiyo kupotea kwa mbegu ya bibi kulikuwa na mwenyewe, naye alikuwa mama. Sisi watoto tuliufanya utani wa nyumbani. Mtu akiongeza maji kwenye juisi tunamwambia ameipaka dawa ya mama. Mama naye alicheka nasi. Na mjomba akaanza tabia mpya: kila alikopelekwa kikazi alipita masokoni, akarudi na punje za maharage kwenye leso, mbili tatu za kila aina iliyokaribia. Alizipanga mezani mbele ya mama. "Ndiyo hii, dada?" Mama anaigeuza kwenye mwanga. "Siyo. Mstari wake mpana." Mwaka baada ya mwaka, siyo, siyo. Mama aliona ni mapenzi, akawaambia majirani kwamba hakuna mwanamume anayemjali dada yake kama huyu. Miaka kumi na moja ilikwenda hivyo.

Mjomba alipostaafu kituo kilimfanyia sherehe ya kumuaga, ukumbini palepale, soda na keki na viti vya kuazima. Dawa yake ilikuwa imekwishaenea; wakulima walikuja kumshika mkono, mmoja akalia. Wakaomba mtu wa familia aseme neno. Mama akasimama, na kitambaa kichwani nilichomshonea mwenyewe, akasimulia habari ya dada mbahili aliyetaka kulisha shamba zima kwa kijiko cha chai. Alijua kusimulia. Aliigiza jinsi alivyotikisa mfuko mpaka vumbi la mwisho. Watu walicheka wakashika mbavu. "Kwa hiyo, ndugu zangu," akamaliza, "kosa lilikuwa la dada. Dawa ya mdogo wangu haijawahi kukosea."

Wakampigia makofi. Mjomba akapewa nafasi ya kujibu. Alisimama, akashika ukingo wa meza, akatazama watu, akamtazama mama. Alishukuru uongozi, akashukuru wenzake, akaketi.

Miezi minne baadaye mama akafariki, kwa shinikizo la damu, mchana, akiwa anachambua mboga.

Siku ya arobaini ilipopita mjomba alikuja dukani kwangu na bahasha. Ilikuwa saa za mchana ambazo wateja hawapo. Alikaa kwenye benchi la wapima nguo, akatoa ripoti ya lile jaribio, karatasi zimegeuka rangi, akaifungua kwenye meza ya cherehani. Ukurasa ule ulikuwa na picha: kiganja cha mtu kimeshika mzizi mweusi uliooza. Chini yake maandishi, shamba namba saba, halikupata kuvu hai.

Kidole gumba cha kile kiganja kilikuwa kimepinda kwa ndani. Mama alibanwa na mlango akiwa msichana.

Akaniambia yote. Kwamba saba aliipika yeye. Kwamba nilipompelekea mashati alikuwa na mifuko hai ishirini ndani ya kabati, na ilikuwa bado mapema. Angeimwagia miche dawa hiyo kwenye mashina, mingi ingepona. Kwamba angeweza hata kukiacha kile kipande cha jaribio kama kilivyo, akaokoa shamba lililobaki, na jaribio lisingepata doa.

"Kwa nini hukufanya?"

"Daktari aliniahidi jina langu litaingia kwenye ripoti. Miaka ishirini na saba, mpwa wangu, sijawahi kuandikwa popote. Nikaona nikimletea dada dawa atauliza, ataropoka kwa majirani, itajulikana nimetoa siri. Nilifikiria jina. Sikufikiria mbegu."

Nikafunua ukurasa wa mwisho, penye shukrani. Palikuwa na majina ya wakubwa, na chini kabisa, "pamoja na wasaidizi wa maabara."

"Na alipopiga magoti?"

"Nilikuja siku ile nimwambie. Kabla sijafungua mdomo akajilaumu yeye. Ikawa rahisi." Alikuwa analia bila sauti. "Na kila nilipokwenda na zile punje nilikwenda nimwambie. Unadhani angenisamehe?"

"Angekusamehe kabla hujamaliza kusema," nikamjibu. "Ndiyo mama yule, unamjua. Angekupa na chai."

Nilitaka limuumize, likamuuma. Alikunja ripoti, akaomba nimpe maji, akanywa, akaondoka. Bado anakuja, Jumamosi kwa Jumamosi. Nampokea, kwa sababu ni mjomba wangu na hana mtu mwingine. Hasira ninayo, lakini haipati pa kukaa, na sababu yake sijamwambia yeyote.

Mwaka ule, baada ya zile punje za mwisho kuoza, nilimkuta mama ameinama kwenye mtungi mtupu, anaufuta majivu kwa kitambaa. Nilikuwa na uchungu wangu. Ile mbegu nilikuwa nimeahidiwa mimi nikiolewa. Nikamwambia, "Ubahili wako ndio uliomuua bibi mara ya pili." Nililisema kwa utulivu, nikilichagua kila neno. Mama aliendelea kufuta mtungi, kisha akasema, "Kweli, mwanangu." Sikumwomba radhi, maana niliamini nina haki, na yeye aliamini hivyo pia.